Fimbo ya Mbali

Wahenga walituachia msemo kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Maana yake haihitaji mwalimu: nyoka akiingia ndani, utamuua kwa fimbo iliyo mkononi mwako, hata kama ile uliyoiacha shambani ni nzuri zaidi. Nilipokuwa mtoto niliuchukua msemo huu kuwa kweli ya milele, sawa na kusema kwamba maji hufuata mkondo. Baadaye nikaingia katika kazi ambayo iliukanusha kila siku. Kwa miaka mingi riziki yangu imetokana na kuua nyoka kwa fimbo ya mbali: kuketi Dar es Salaam mbele ya kompyuta moja na kuitengeneza kompyuta nyingine iliyo maelfu ya kilomita kutoka hapa, tena bila kuizima, ikiwa katikati ya kazi yake.

Katika insha hii nataka kueleza jinsi binadamu alivyoirefusha fimbo hiyo hatua kwa hatua, tangu mwaka 1940 hadi siku zetu. Nataka pia kusimulia usiku mmoja ambao fimbo ilinigeukia. Mambo haya mawili hayatengani, kwa kuwa kabla ya usiku ule sikuwa na hamu hata kidogo ya kujua nani alitangulia kuishika fimbo, na alijifunza nini.

Tarehe 11 Septemba 1940 wanahisabati wa Marekani walikuwa wamekutana katika Chuo cha Dartmouth, mjini Hanover. Miongoni mwao alikuwamo George Stibitz, mtaalamu wa maabara za Bell, ambaye alikuwa ameunda mtambo wa kukokotoa hesabu kwa kutumia swichi za umeme za aina iliyotumika katika mitambo ya simu. Mtambo wenyewe ulibaki New York, yapata kilomita 400 kutoka hapo. Stibitz aliweka ukumbini mashine ya kupiga chapa iliyounganishwa na New York kwa waya wa simu, kisha akawaalika wenzake waandike hesabu wanayoitaka. Waliandika, wakasubiri kidogo, na mashine ikaanza kugonga jibu yenyewe. Katika waliokuwapo siku ile walikuwamo Norbert Wiener na John Mauchly, na huyu wa pili miaka michache baadaye alishiriki kuunda ENIAC, mojawapo ya kompyuta za kwanza za kielektroniki.

Naam, hapo ndipo mkono wa mtu ulipofika kwa mara ya kwanza kwenye mtambo wa hesabu ambao macho yake hayakuuona. Lakini tusisahau kwamba mkono ule ulikuwa na mipaka. Uliweza kuuliza tu. Haukuweza kubadili namna mtambo unavyofikiri, wala kuuharibu. Ulikuwa kama mgeni aliyesimama kizingitini na kuuliza bei ya nazi, akajibiwa, akaenda zake.

Miaka 29 ikapita. Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969, saa nne na nusu, mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, aitwaye Charley Kline, aliketi kujaribu kuingia katika kompyuta ya Taasisi ya Utafiti ya Stanford, iliyokuwa Menlo Park, umbali wa zaidi ya kilomita 500. Upande wa pili alikuwapo Bill Duvall, na wote wawili walikuwa wanaongea kwa simu ya kawaida ili kuhakikisha kila herufi imefika. Neno lililotakiwa lilikuwa LOGIN, yaani kuomba kuingia. Kline akaandika L, ikafika. Akaandika O, ikafika. Akaandika G, na kompyuta ya Menlo Park ikaanguka. Baada ya saa moja hivi walirekebisha kasoro, na safari hii akaingia.

Tukio hili husimuliwa kama kuzaliwa kwa mtandao tunaouita leo intaneti, na kila mara wasimulizi hulifurahia neno lile lililokatika, LO. Mimi hunivutia jambo jingine. Kazi ya kwanza kabisa iliyofanywa katika mtandao ule ilikuwa kubisha hodi kwenye kompyuta ya mbali, kabla ya barua, picha au gumzo. Na hodi ya kwanza ilimwangusha mwenye nyumba.

Baada ya hapo wataalamu walitunga utaratibu wa kuingia katika kompyuta ya mbali, wakauita telnet. Ulitumika kwa muda mrefu na ulifanya kazi yake vizuri, ila ulikuwa na ila moja kubwa. Kila ulichoandika kilisafiri kikiwa wazi, mfano wa barua isiyo na bahasha, ikiwa ni pamoja na jina lako na neno lako la siri. Yeyote aliyekaa katikati ya njia aliweza kulisoma na kulitumia. Watu walilijua hilo, lakini mtandao ulikuwa wa vyuo na maabara, na watu wengi waliaminiana. Kijiji kikiwa kidogo milango haifungwi. Kilipoanza kupanuka, wezi nao wakaanza kupita.

Mwaka 1995 wezi hao walifika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, nchini Finland. Mtu alipenyeza katika mtandao programu ya kunusa, yaani ya kusikiliza kila kinachopita na kuokota maneno ya siri, naye akaokota maelfu. Mtafiti mmoja wa chuo hicho, Tatu Ylönen, aliamua kwamba telnet haifai tena. Akaandika programu mpya na kuitoa bure kwa walimwengu mwezi Julai mwaka huohuo. Aliipa jina la SSH, herufi tatu zinazosimama badala ya maneno yenye maana ya ganda lililo salama. Kila kompyuta ina milango mingi yenye namba, na kila huduma hupewa mlango wake. Ylönen aliomba namba 22, kwa sababu ilikuwa katikati ya 21, mlango wa kupokelea mafaili, na 23, mlango wa telnet. Akapewa. Hadi mwisho wa mwaka ule yeye mwenyewe alikadiria kwamba watumiaji walikuwa wamefika 20,000 katika nchi 50. Mwaka 1999 wanachama wa mradi wa OpenBSD walitoa toleo lao huru, OpenSSH, ambalo ndilo lililoenea zaidi duniani.

SSH inafanyaje? Kwa ufupi, kwanza inayatia maneno yote katika fumbo tangu yanapotoka hadi yanapofika, hata aliye njiani aone vurugu tupu. Pili, inakuwezesha kuacha kutumia neno la siri na badala yake kutumia ufunguo wa aina mbili. Fikiria fundi anayetengeneza kufuli nyingi zinazofanana na ufunguo mmoja tu. Kufuli anaweza kumgawia yeyote azitundike popote, bali ufunguo haumtoki mfukoni. Mwenye nyumba akiona kufuli limefunguka anajua ni nani aliyekuja, wala ufunguo haukuhitaji kusafiri. Huo ndio ustaarabu ambao SSH iliuleta: hodi yenye uthibitisho.

Hata hivyo kuingia ndani ya nyumba si sawa na kuingia ndani ya kichwa cha mwenye nyumba. Na hapa ndipo nimfikishe msomaji kwenye jambo lenyewe.

Programu ikiwa imelala ndani ya kompyuta ni maandishi tu, kama mapishi yaliyoandikwa kitabuni. Ikianza kufanya kazi ndipo inapokuwa sufuria jikoni: mna maji, mna moto, mna vitu vilivyokwisha kukatwa na vingine bado. Ukitaka kubadili mapishi, njia ya kawaida ni kuepua, kumwaga, na kuanza upya. Kwa programu nyingi hilo halina hasara. Lakini ziko programu ambazo ndani ya sufuria yao mna vitu visivyopatikana pengine popote. Ukizima, vimekwenda. Kwa hizo fundi hutamani kufanya kama mpishi mzoefu, afunue kifuniko, aonje, aongeze chumvi, afunike, na moto usizimwe.

Lugha moja iliyorahisisha jambo hilo ni Python. Guido van Rossum alianza kuiandika Desemba 1989 katika taasisi ya hisabati na kompyuta ya Amsterdam, na akaitoa hadharani Februari 1991. Jina lake kwa Kiingereza ni chatu, ingawa yeye alilitoa kwenye kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Uingereza, Monty Python's Flying Circus. Kumbe nyoka tulianza naye tangu mstari wa kwanza! Uzuri wa lugha hii ni kwamba ina desturi ya mazungumzo. Inakuonyesha alama tatu za mshale, unaandika sentensi moja, inaitekeleza palepale na kukujibu, kisha inasubiri nyingine. Na kwa kuwa karibu kila kitu ndani ya programu ya Python kinaweza kutazamwa na kubadilishwa inapoendelea kufanya kazi, kilichobaki kilikuwa kuyaweka mazungumzo hayo ndani ya programu iliyo hai na kuyafikisha kwa fundi aliye mbali.

Walioshughulika na hilo mapema ni watunzi wa mkusanyiko wa zana uitwao Twisted, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kifaa chao kimoja waliita Manhole, jina la vile vifuniko vya chuma vya barabarani ambavyo mafundi huvifunua ili washuke chini kwenye mabomba bila kuvunja barabara wala kusimamisha magari. Sijaona jina lililomfaa mwenyewe kuliko hilo. Unaunganisha kifaa hicho na SSH, unabisha hodi kwa ufunguo wako, na badala ya kujikuta ndani ya kompyuta unajikuta ndani ya programu yenyewe, ukiwa na alama zile tatu za mshale mbele yako. Ukiuliza jambo, anayejibu ni programu iliyo hai. Ukibadili jambo, limebadilika kwelikweli.

Sasa niseme la kwangu.

Mwaka 2008 niliandika programu ya Python kwa ajili ya kituo kimoja cha afya hapa Dar es Salaam. Kazi yake ilikuwa ndogo. Kila siku mchana karani alichapa kutoka daftarini majina ya wagonjwa wanaotakiwa kufika kliniki kesho yake kuchukua dawa, na jioni programu iliwatumia ujumbe mfupi wa simu kuwakumbusha. Kompyuta iliyoiendesha ilikuwa ya kukodi, nayo ilikuwa Ujerumani. Ndani ya programu nilikuwa nimefungua tundu la Manhole, nami nilijivunia tundu hilo kuliko programu yenyewe.

Usiku mmoja, saa tatu hivi, niligundua kuwa ujumbe hautoki. Foleni ilikuwa imekwama kwenye njia ya kampuni ya simu. Nisingeweza kuizima programu na kuiwasha upya, kwa sababu foleni ile ilikaa katika kumbukumbu yake tu. Kuihifadhi kwenye diski lilikuwa jambo nililokuwa nimeliahirisha tangu mwanzo, nikisema nitalifanya wiki ijayo. Basi nikarudi kwenye tundu langu. Kikao nilichokuwa nimekifungua mchana kwa majaribio kilikuwa bado wazi. Nikaandika sentensi ya kuhesabu foleni. Jibu likaja: 312. Wagonjwa 312 walikuwa wanasubiri mle ndani.

Hapa msomaji hana budi kukumbuka hali ya mawasiliano yetu wakati ule. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na Mombasa Julai 2009. Kabla ya hapo njia yetu kubwa ya kutoka nje ilikuwa setilaiti, nazo setilaiti hizo hukaa kilomita 36,000 juu ya ikweta. Herufi uliyoigusa ilipanda, ikashuka, ikafika Ulaya, na jibu lake likapanda na kushuka vilevile kabla hujaiona kwenye kioo. Nuru yenyewe, pamoja na kasi yake yote, ilihitaji karibu nusu ya sekunde kwa safari hiyo ya kwenda na kurudi, na msongamano uliongeza muda mwingine.

Nilitaka kuhesabu tena nione kama foleni imeanza kupungua. Katika mazungumzo ya aina hii mshale wa juu hukurudishia sentensi uliyoandika mwisho, na ukiubonyeza mara ya pili hukurudishia ile ya kabla yake. Niliubonyeza mara moja. Kioo kikanyamaza. Nikadhani sikuubonyeza sawasawa, nikaubonyeza tena. Papo hapo sentensi ya kuhesabu ikatokea, nami, kwa haraka, nikabonyeza kitufe cha kutuma. Nilichokiona kwenye kioo kilikuwa kimekwisha kuwa historia. Mbonyezo wangu wa pili ulikuwa bado angani, ukitangulia mbele ya ule wa kutuma, na huko Ujerumani ulivuta sentensi ya kabla yake. Sentensi hiyo ilikuwa ile niliyoitumia mchana kufutia majina matatu ya majaribio. Ilikuwa na maana moja tu: futa foleni yote.

Nikahesabu tena. Jibu: 0.

Maji yakimwagika hayazoleki. Hapakuwa na faili, hapakuwa na nakala, na programu iliendelea na kazi yake bila kulalamika, kwa kuwa kwa maoni yake ilikuwa imetii amri ya bwana wake. Nilikaa dakika kadhaa nikikitazama kile sifuri. Kisha nikapiga simu zamu ya usiku.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Mbona sauti yako hivyo, mwanangu?"

Nikamweleza. Hakunigombeza. Aliniuliza wagonjwa ni wangapi, nikasikia anafungua daftari. Daftari lilikuwapo, la karatasi, lenye majina na namba za simu kwa mwandiko wa kalamu ya bluu, na ndilo lililotuokoa. Saa kumi na mbili asubuhi yeye, karani na mimi tulianza kupiga simu, mmoja baada ya mwingine. Kufikia adhuhuri tulikuwa tumewapata watu 274. Waliobaki 38 simu zao zilikuwa zimezimwa au hazikupokewa. Wengine wao huenda walikumbuka wenyewe. Sikuwahi kujua ni wangapi kati yao waliokosa dawa siku ile kwa sababu yangu.

Tulipomaliza Sista alifunga daftari, akaniambia neno ambalo nimeishi nalo hadi leo. "Mwanangu, mimi nikikosea humu nakata kwa mstari, na kosa linabaki linaonekana. Atakayekuja kesho ataliona. Wewe kosa lako liko wapi?" Sikuwa na jibu. Kosa langu halikuwa mahali popote. Halikuacha hata doa.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kusoma habari za waliotangulia. Na katika kusoma nikakutana na mafundi ambao fimbo yao ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia.

Tarehe 24 Oktoba 1998 shirika la anga la Marekani, NASA, lilirusha chombo kiitwacho Deep Space 1. Mwezi Mei 1999 chombo hicho kilikabidhiwa kwa siku chache kwa programu ya majaribio iitwayo Remote Agent, ambayo ilipaswa kukiongoza yenyewe, kupanga kazi zake na kujitibu ikipata hitilafu. Programu hiyo iliandikwa kwa Lisp, lugha ambayo asili yake ni mwishoni mwa miaka ya 1950, nayo ilikuwa na ile desturi ya mazungumzo kabla Python haijazaliwa. Tarehe 18 Mei mambo yakakwama. Injini iliyotakiwa kuzimwa haikuzimwa. Chombo kilikuwa takriban kilomita milioni 100 kutoka duniani, na neno lolote lililotumwa kwake lilihitaji zaidi ya dakika tano kufika.

Mafundi walifanya nini? Walibisha hodi ndani ya programu ikiwa hai huko angani, wakaiuliza hali yake. Wakagundua kwamba sehemu mbili za programu zilikuwa zinangojeana, kila moja ikisubiri habari kutoka kwa mwenzake ambayo isingekuja kamwe, kama watu wawili mlangoni wanaoambiana "tangulia wewe." Kosa lilitokana na mpangilio wa wakati ambao hutokea kwa nadra sana. Wakatayarisha kiraka cha kuliziba. Na hapo ndipo walipofanya jambo ambalo lilinifundisha zaidi kuliko vitabu vyote: waliamua kutokituma. Walipima, wakaona uwezekano wa kosa lile kurudi ni mdogo, na kiraka ambacho hakijajaribiwa ipasavyo kingeweza kuleta balaa kubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Wakapanga jaribio jipya fupi, na tarehe 21 Mei programu ikatimiza malengo yote yaliyosalia.

Walikuwa na fimbo inayofika kilomita milioni 100, wakaishusha. Mimi nilikuwa na fimbo ya kufika Ujerumani, na haikunipitia akilini hata mara moja kwamba ningeweza kuketi na kungoja. Njia ya kampuni ya simu, nilikuja kuambiwa, ilifunguka yenyewe saa nne na robo usiku ule.

Historia haikuishia hapo. Machi 2024 mhandisi Andres Freund alikuwa akipima kasi ya programu nyingine kabisa, akaona kwamba kuingia kwa SSH katika kompyuta yake ya majaribio kunachukua karibu nusu sekunde zaidi ya ilivyozoeleka. Alifuatilia. Akakuta kwamba katika matoleo mapya ya zana ndogo ya kubana mafaili, iitwayo xz, mtu alikuwa amepachika tundu la siri. Kwa njia ya mzunguko tundu hilo lilijipenyeza ndani ya SSH ya baadhi ya mifumo ya Linux, na mwenye ufunguo fulani angeweza kuiamuru kompyuta atakavyo. Aliyelipachika alitumia jina la Jia Tan, na kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi ya kujitolea kwa zaidi ya miaka miwili, kwa unyenyekevu, hadi akakabidhiwa utunzaji wa zana hiyo. Freund alitangaza habari hizo tarehe 29 Machi, kabla matoleo yale hayajaenea kwa watu wengi. Niliposoma nilicheka kwa uchungu. Nusu sekunde! Sisi wa enzi ya setilaiti tungepishana na jambazi huyo mlangoni kila siku na kumwamkia, tukidhani ni mawingu.

Oktoba 2025 lilitoka toleo la Python la 3.14, ambalo ndani yake lile tundu tulilokuwa tukilichimba wenyewe limejengwa rasmi. Fundi mwenye ruhusa kwenye kompyuta, hata aliyeingia kwa SSH kutoka bara jingine, anaweza kuikabidhi programu inayoendelea maelekezo mapya, bila ya yeye kuwa ameiandaa kwa hilo tangu mwanzo. Waliolitunga waliweka masharti mawili yaliyonipendeza. Maelekezo hayatekelezwi papo hapo, bali husubiri programu ifike mahali palipo salama katika kazi yake. Na mwenye mtambo akitaka anaweza kulifunga tundu hilo kabisa.

Nimefikiri sana juu ya sharti hilo la kusubiri, na naona ni adabu yetu ya zamani. Mtu hapigi hodi huku mguu wake ukiwa umekwisha kuingia. Anabisha, anangoja, aitikiwe karibu. Asipoitikiwa mara tatu, hurudi alikotoka. Kwa miaka 80 na zaidi wataalamu wamehangaika kuirefusha fimbo, kisha wakahangaika kuilinda isishikwe na mwizi. SSH humjua mwenye ufunguo, lakini haijui kama mwenye ufunguo amechoka, ana haraka, au anatazama kioo kilichochelewa. Hilo limeachiwa mtu mwenyewe.

Leo foleni zangu zote huandikwa kwenye diski kabla ya jambo lolote. Majaribio hufanyika kwenye programu ya majaribio. Na kando ya kibodi yangu kuna daftari la karatasi. Kila nikitaka kuingia ndani ya programu iliyo hai huandika kwanza, kwa kalamu ya bluu, saa ngapi naingia, nataka kugusa nini, na itakuwaje nikikosea. Nikikosea nakata kwa mstari mmoja, neno lisomeke. Mara nyingi, nikiwa katikati ya kuandika, huona kwamba hakuna haja ya kuingia, nikaifunga kompyuta nikaenda kulala.

Wahenga hawakukosea sana. Fimbo ya mbali siku hizi huua nyoka. Ila aliyeishika hamwoni nyoka mwenyewe. Anaona mahali ambapo nyoka alikuwapo nusu sekunde iliyopita, na kabla hajapiga hana budi kujiuliza ni nani mwingine amelala katika chumba kile.